Nani Aliyewaza Bomba la Katikati?

Kwenye ukurasa wa tatu wa ripoti yetu, chini ya kichwa cha Shukrani, kuna sentensi niliyoiandika mwenyewe saa nane usiku, macho yakiwasha. Ripoti ni ya Kiingereza, lakini ukiileta kwa Kiswahili inasema hivi: Tunamshukuru pia fundi wa mtaani aliyetusaidia kuchomelea. Maneno saba. Yanakuja baada ya kumshukuru Mungu, wazazi, idara mbili, maprofesa wawili na mlinzi wa karakana aliyekuwa akituachia mlango wazi usiku. Mlinzi tulimtaja kwa jina lake lote.

Fundi hatukumtaja. Na huyo fundi wa mtaani ni khocha wangu. Kwa asiyejua Kibukusu, khocha ni mjomba, ndugu wa mama, mtu ambaye huwezi kumkosea kisha ukaenda kwao Kimilili kula kuku kana kwamba hakuna kitu.

Nilikuwa mwaka wa nne wa uhandisi, katika chuo ambacho sitakitaja, kwa sababu sioni kosa lake lolote hapa ambalo vyuo vingine havina. Maprofesa wawili, bwana mmoja wa uhandisi wa mitambo na mama mmoja wa uhandisi wa kilimo, walikuwa wamechoka kuona wanafunzi wakimaliza digrii bila kushika msumeno wa chuma. Idara zao zilikuwa zinagombania hata projekta. Lakini hao wawili wakakaa chini, wakaunganisha madarasa yao, wakatugawa makundi ya watu sita sita, na wakadai kila kundi lilete kitu kinachofanya kazi. Mchoro peke yake haukutosha, wala modeli ya kadibodi. Walitaka kitu ambacho mkulima atakiwasha mwenyewe sisi tukiwa tumeenda.

Nilisoma kozi nyingi nikiwa huko na hakuna iliyoikaribia hiyo. Walikuwa wanabishana mbele yetu! Yule wa mitambo anajaza ubao kwa hesabu za joto, anageuka na tabasamu, na yule wa kilimo anauliza kutoka nyuma ya darasa, "Sawa Prof, na siku mkulima hana pesa ya mkaa?" Bwana anakuna kichwa, anafuta nusu ya ubao. Nilikuwa nimekaa chuoni miaka mitatu nikidhani profesa ni mtu asiyefuta kitu. Kumuona mmoja akifuta kwa sababu mwenzake ameuliza swali zuri, hiyo ilinifunza kuliko zile hesabu zenyewe.

Kundi letu lilichagua kikaushio cha mahindi, na mimi ndiye niliyelisukuma wazo hilo, maana nimekulia Kwanza, upande wa Kapomboi, na najua Novemba inakaa vipi huko. Mahindi yanavunwa mvua ikiwa bado haijaamua kuondoka. Watu wanatandaza turubai uani, kando ya barabara, mbele ya kanisa. Wingu likija kutoka Mlima Elgon kila mtu anakimbia, mtoto, nyanya, mgeni aliyekuja kudai deni, wote mnakunja turubai. Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5, na yakitoka shambani mara nyingi yako juu ya 20. Kwa hiyo dalali anakuja na lori, anauma punje moja, anatingisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, anataja bei yake. Unauza. Ama unaweka ndani yakiwa mabichi, yanashika kuvu, na kuvu hiyo ina sumu ambayo haitoki kwa kupika.

Basi tukabuni kisanduku. Chini kuna jiko la pipa linalochoma magunzi, kwa sababu magunzi ni bure. Moshi unapita kwa bomba lake na kutoka nje usiguse nafaka. Feni inasukuma hewa safi ipate joto pale kwenye bomba, kisha hewa hiyo inapanda kupitia sakafu ya bati lenye matundu na kuingia kwenye mahindi. Mahindi yalikuwa na kina cha sentimita 60. Msichana mmoja wa kundi letu, mkali wa hesabu kutushinda sote, alipiga hesabu ya feni kwa siku mbili. Karatasi zilikuwa safi kabisa.

Tulienda kukijenga Kitale likizoni, kwenye kibanda cha khocha, kwa sababu karakana ya chuo ilikuwa na mashine moja ya kuchomelea na makundi tisa. Tukawasha. Baada ya saa sita mahindi ya chini yalikuwa yamekauka mpaka yanapasuka, na ya juu yalikuwa yanatoa jasho. Ukiweka mkono juu unaona unyevu, kabisa. Hewa ilikuwa inafika juu ikiwa imeshashiba maji. Tukaongeza moto, ya chini yakaanza kunukia kama bisi. Tukafikiria kununua feni kubwa zaidi, na bei yake ikatunyamazisha.

Khocha alikuwa ametuacha tuhangaike. Alilipwa kuchomelea na alikuwa anachomelea. Siku ya pili jioni akaja na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Mtoto wa dada yangu, umewahi kuona ghala la mahindi pana?"

Sikuelewa.

"Ghala. La babu yako. Lilikuwa refu ama pana?"

Lilikuwa refu na jembamba. Yote ni hivyo. Nimepita kando ya maghala maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza kwa nini.

"Ni kwa sababu upepo hauna nguvu ya kupita mahindi mengi," akasema. "Sasa nyinyi mmeupatia upepo mlima wa kupanda." Kisha akatuambia kuhusu Webuye. Khocha alichomelea katika kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mpaka kilipofungwa mwaka 2009. Karatasi inatoka ikiwa uji, akasema, na huwezi kuikausha ikiwa imerundikwa. Inanyooshwa iwe nyembamba, inapitishwa juu ya mapipa makubwa ya chuma yenye mvuke ndani, pipa baada ya pipa. "Kitu kikiwa chembamba, joto kidogo linatosha. Kikiwa kinene, hata uchome msitu wote wa Cherangani."

Akachukua chaki akachora kwenye sakafu ya kibanda. Silinda ya wavu, imesimama. Katikati yake bomba la bati lenye matundu, limefunikwa juu. Mahindi yanakaa kati ya bomba na wavu, tabaka la kama sentimita 25. Hewa moto inaingia kwenye bomba kutoka chini, inakuta kifuniko, haina pa kwenda isipokuwa pembeni, kupitia mahindi, pande zote kwa wakati mmoja.

Yule msichana wa hesabu aliangalia ule mchoro wa chaki labda dakika nzima. Halafu akatoa kalamu. Tabaka likiwa jembamba, hewa haipati upinzani mkubwa, na feni yetu ndogo inatosha, tena inabaki. Akapiga hesabu mpya ya kasi ya hewa palepale amekaa juu ya tairi kuukuu, akamwambia khocha matundu yawe mangapi na upana gani, ili hewa isitoke yote chini kabla ya kufika juu. Khocha akabisha kidogo. Msichana naye akabisha. Wakakubaliana matundu ya juu yawe mengi zaidi ya ya chini. Kusema kweli ilikuwa kama kuwaona wale maprofesa wawili tena, tofauti ni ubao tu.

Kikaushio kilifanya kazi. Kwa kipimo tulichokopa, mahindi yalishuka hadi 13 na kitu, ya juu na ya chini sawa.

Siku ya kuwasilisha tulisimama mbele ya jopo tukiwa na nguo za kupiga pasi. Yule profesa wa kilimo akafungua ripoti, akaangalia mchoro, akauliza, "Hili bomba la katikati, nani aliliwaza?"

Kulikuwa na kimya. Wenzangu watano waliniangalia mimi, kwa sababu ni mjomba wangu, na nadhani ilikuwa heshima: ni mimi niliyekuwa na haki ya kumtaja. Nikasema, "Tulilifikia kama kundi, Prof."

Akaniangalia, akaandika kitu. Tukapata A.

Nimejibishana na hiyo A muda mrefu sasa. Jibu la kwanza ninalojipa ni kwamba khocha alilipwa. Shilingi 4,500 kwa siku tatu, na hakulalamika. Lakini tulilipia nini? Risiti yake ni ukurasa wa daftari, imeandikwa kwa mkono: kuchomelea, siku 3. Wazo halimo kwenye bili. Mshauri kutoka Nairobi akija kwa saa moja akasema neno moja la maana, bili yake inaandikwa ushauri, na hata akiona aibu kuitoza bado jina lake litaingia ukurasa wa mbele, juu ya majina yetu. Khocha alitupa kitu cha thamani kuliko kazi ya mikono yake, na tukakichukua kama mtu anavyookota chenji iliyosahaulika kwenye kiti cha matatu.

Jibu la pili ni kanuni. Kanuni ilisema kazi iwe ya wanafunzi wenyewe, na kila mmoja wetu alitia sahihi. Ingekuwaje kama ningesema ukweli? Kuna uwezekano mkubwa tungepunguziwa alama, kwa sababu sehemu kubwa ya alama ilikuwa kwenye ubunifu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mlinzi tulimtaja bila shida. Kumshukuru mtu aliyefungua mlango hakumpunguzii mwanafunzi kitu. Tulikuwa wakarimu sana kwa kila mtu ambaye hakuwa amefikiria.

Siilaumu kanuni sana. Imewekwa kwa sababu kuna watu wanaomlipa fundi ajenge kila kitu halafu wanakuja kusoma tu kilichoandikwa, na nawajua kadhaa. Lakini ina swali moja tu, nani alifanya, na majibu mawili tu, sisi ama si sisi. Haina mahali pa kuandika kwamba wazo lilitoka kwa mtu, hesabu ikatoka kwa mwingine, na kitu chenyewe hakingekuwepo bila wote wawili kubishana juu ya tairi kuukuu. Wale maprofesa wawili walipoungana, majina yao yote mawili yalikuwa kwenye kozi na hakuna aliyesema mmoja amemwibia mwenzake. Ushirikiano wa profesa na profesa una fomu yake. Wa mwanafunzi na fundi hauna.

Kuna jibu la tatu, na hili ndilo linalosemwa na watu wazuri. Wanasema tuheshimu hekima ya mikono. Mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle, katika kitabu chake The Concept of Mind cha 1949, alitenganisha kujua kwamba jambo ni hivi na kujua kulifanya, akatetea kwamba kujua kufanya ni akili kamili, haihitaji nadharia iliyojificha nyuma yake. Nilipomsoma nilifurahi, nikasema huyu ametetea mafundi. Baadaye nikaona kwamba kwa khocha wangu utetezi huo haufiki. Khocha hakutuonyesha mkono unaojua. Alitupa sababu. Alisema upepo hauna nguvu ya kupita mahindi mengi, akaleta mifano miwili, ghala na kiwanda, vitu visivyofanana kabisa kwa kuangalia, akaonyesha kanuni moja inayoviunganisha. Hiyo ni nadharia, bana. Ukiiita hekima ya mikono unamsifu huku unamrudisha pale pale kwenye maneno saba: aliyetusaidia kuchomelea.

Lugha yetu yenyewe ilikuwa imeshalijua jambo hili. Fundi, fundisha, mafunzo, mwanafunzi, hata kule kufundwa kwa mwari, yote ni ukoo mmoja wa maneno. Mwanafunzi ni mwana wa palepale fundi anapotoka. Mhandisi tumemkopa kwa Waarabu, injinia kwa Waingereza, na tukishakopa neno tunalivalisha tai. Sheria ya Wahandisi ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza mtu asiyesajiliwa kujiita mhandisi, na sina shida nayo. Nani anataka daraja lililochorwa na mtu aliyejipa cheo? Ila angalia upande wa pili. Jina la injinia lina sheria ya kulilinda, na la fundi tunalitumia kumtaja mtu ambaye hatutaki kusema jina lake. Fundi amekuja. Fundi amesema kesho. Fundi wa mtaani.

Hili si letu la kundi la watu sita tu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoieleza dunia kwamba kuna uchumi mzima usio rasmi ambao watu wakubwa hawakuwa wakiuhesabu. Mwaka 1985 Rais Moi alienda Kamukunji, akawakuta wafua vyuma wakigonga mabati chini ya jua, akaahidi wajengewe vibanda. Mwaka uliofuata, 1986, rais huyo huyo alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata likiwa baya na la mwendo wa pole. Waangalie hao wawili kwa pamoja. Waliokuwa wanageuza chuma kuwa kitu kila siku walipewa kivuli. Waliokuwa na ubao walipewa gari.

Na gari lilitengenezwa, tusiwacheke bure. Magari matano ya majaribio, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakafika kasi ya kilomita 120 kwa saa, yakazinduliwa Kasarani mwaka 1990. Kampuni ikaundwa iyatengeneze kwa wingi, pesa hazikupatikana, mwishowe ikabadilishwa jina ikawa Numerical Machining Complex, ya kutengeneza vipuri vya chuma. Leo ukimuuliza mtu wa rika langu kuhusu Nyayo Pioneer atakupa mzaha na jina moja, la rais. Nani alikata vyuma vya injini ile? Nani aliona kwanza kwamba kitu fulani hakitakaa, akasema, akasikilizwa ama hakusikilizwa? Hayo majina yako mahali, kwenye familia zao labda, kama la khocha lilivyo kwenye yetu.

Hata mahindi yenyewe. Mwaka 1964 Kitale ilitoa mbegu chotara ya H611, iliyobadilisha kilimo cha nchi hii. Watoto wake na wajukuu wake ndio tunaopanda Kwanza, na mzee akikwambia amepanda 614 anakutajia kama jina la ng'ombe anayempenda. H611 ilipatikana kwa kuzalisha mahindi yaliyoitwa Kitale Synthetic II na mengine yaliyoitwa Ecuador 573. Mtafiti wake, Michael Harrison, anajulikana, na anastahili. Lakini Ecuador 573 ni mahindi ambayo wakulima wa milimani kule Amerika Kusini walikuwa wameyachagua, msimu baada ya msimu, suke zuri likiwekwa kando kwa ajili ya mbegu. Hiyo ni kazi ya akili. Ikaingia kwenye daftari ikiwa namba 573. Nimekula ugali wa hiyo namba tangu niache kunyonya.

Niliacha chuo mwaka wa tano, na si kwa sababu ya dhamira, msinielewe vibaya. Niliacha kwa sababu ya karo. Naitaja hapa kwa sababu moja. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa wanaoandika Shukrani. Sasa nimefanya kazi za kuandikia watu wengine ambapo jina langu halipo popote, na siku moja nilijaribu kumweleza jamaa mmoja wa ofisi fulani kwa nini tangi lao la maji linavuja pale linapovuja, akaniuliza nimemalizia wapi shule. Nikamwambia. Akaanza kuangalia simu.

Mwezi uliopita nilienda Kitale. Khocha alikuwa na fomu mkononi. Kuna mpango wa serikali wa kuwatambua watu waliojifunza kazi nje ya darasa: fundi asiye na cheti anapimwa, anaonyesha ushahidi wa kazi alizofanya, anaweza kupewa karatasi. Khocha ana miaka hamsini na kitu na anaitaka hiyo karatasi, kwa sababu kuna kazi ambazo bila karatasi hata hazungumzishwi.

"Ile kazi ya chuo," akaniuliza, "si iliandikwa mahali?"

Nikafungua ripoti kwenye simu. Ningeweza kusema imepotea. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka ukurasa wa tatu.

"Fundi wa mtaani ni mimi?"

"Ni wewe, khocha."

Hakusema kitu. Akaendelea kufungua kurasa mpaka kwenye mchoro, akaukuza kwa vidole viwili. "Hapa mmekosea," akasema. "Mmechora bomba bila kifuniko. Mtu akifuata hii, hewa yote itatoka juu." Alikuwa na haki. Mchoro niliuchora mimi, na jopo zima liliuangalia na kuupa A.

Halafu akanipeleka nyuma ya kibanda. Kulikuwa na kikaushio kipya, kimepakwa rangi ya kijani, namba yake ya simu ubavuni. Cha nne hicho, akaniambia. Vitatu vimeshaenda, viwili upande wa Kwanza na kimoja Bungoma. Anauza 32,000. Matundu ya juu ni mengi kuliko ya chini, vilevile kama msichana wa hesabu alivyomwambia.

Na mimi, kama mtu anayetafuta pa kupumulia, nikauliza: je, wateja anawaambia hesabu ya feni ni ya nani? Nilitaka aseme hapana. Ningefurahi sana kama angesema hapana, tungekuwa sawa.

"Nawaambia ni ya watoto wa chuo," akasema. "Mbona nisiwaambie? Nikiwaambia hivyo ndiyo wanaacha kubisha bei."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiligeuza hilo kichwani. Jina letu lilimwongezea bei. Jina lake lingetupunguzia alama. Yeye kusema ukweli kulimlipa na sisi kusema ukweli kungetugharimu, kwa hiyo siwezi hata kusema yeye ni mtu mwema kuniliko, ingawa nadhani ni mwema kuniliko. Nachoweza kusema ni kwamba watu wawili wakishirikiana katika nchi ambayo jina la mmoja ni faida na la mwingine ni hasara, uaminifu haupimwi kwa mizani moja. Na aliye upande wa jina zito ndiye anayepaswa kulipa zaidi. Nilijua hivyo siku ya jopo. Kimya changu kilidumu labda sekunde tatu, na katika hizo sekunde nilikuwa nimeshapiga hesabu.

Nimewaandikia wenzangu watano. Nimeomba tuombe idara iambatanishe ukurasa mmoja kwenye ripoti, useme bomba la katikati aliliwaza nani na lini, na kwa sababu gani. Watatu wamekubali. Mmoja anasema ana ombi la masomo ya uzamili huko Ujerumani na hiyo A ndiyo inayolibeba, nisubiri mpaka Septemba. Sikumjibu kwa hasira. Mimi sina digrii ya kupoteza, na ni rahisi kuwa mkweli kwa cheti cha mtu mwingine. Wa tano ameusoma ujumbe na kunyamaza. Profesa wa kilimo naye nimemwandikia. Amejibu mstari mmoja: nimpigie Jumatatu baada ya saa nane.

Jana usiku khocha alinitumia ujumbe wa sauti. Kelele za grainda nyuma, anapaza sauti. Amepata mteja Kapomboi anayetaka kikaushio cha magunia ishirini, na hiyo feni yetu haitaweza, anahitaji hesabu mpya. "Nitafutie namba ya yule msichana," anasema. "Na uniambie anaitwa nani, mimi nilimhifadhi kwa simu kama Msichana wa Feni, sasa nitampigiaje mtu nimwambie hivyo?"

Nikamtumia namba. Na chini yake jina lake, lote, na la babake.